Usiniandike Jina

Cassian hakuwa mtu mbaya. Nalisema mapema, kwa sababu najua nikianza kusimulia hasira itanipanda, na ikishanipanda nitamchora na pembe kichwani, jambo ambalo si kweli. Alikuwa mkaguzi wa hesabu kutoka Bukoba, mtu wa misa ya kwanza, mtu wa kukupisha kiti akakaa yeye juu ya gunia. Miaka yote aliyokuja kukagua chama chetu hakuwahi kuondoka hata na mkungu mmoja wa ndizi. Tulikuwa tukimfungia, naye anaufungua na kuuacha mlangoni.

Mimi ni Benitha, katibu wa chama cha wakulima wa kahawa hapa Kamuli, wilaya ya Kyerwa. Kwetu ni Muleba. Ndoa ndiyo iliyonileta huku, na ndoa iliponishinda nikabaki kwa ajili ya kahawa. Watu husema nina mdomo. Ni kweli ninao, na sijawahi kumwazima mtu.

Mwenyekiti wetu alikuwa Mzee Gaspari. Wazazi wake walitoka Rwanda kabla ya uhuru wakaja kufanya vibarua katika vibanja, mashamba ya migomba na kahawa, vya watu kule Nyabiyonza, upande wa Karagwe. Yeye alizaliwa hukohuko, akabatizwa hukohuko, na alipopata nguvu akaja Kamuli, akafyeka pori, akapanda migomba na kahawa. Hakuweza kupita karibu na mbuni bila kuung'oa machipukizi yasiyotakiwa, hata kama ni wa mtu mwingine. Tulimtania, "Mzee, huo mbuni una mwenyewe." Alijibu kwamba mbuni ni wa Mungu, mwenyewe anauchunga tu.

Kitu kimoja tu ndicho kilichomfanya ainue sauti, nacho ni butura. Huku kwetu mkulima akikwama kabla ya mavuno huuza kahawa yake ingali ua mtini. Mnunuzi anakuja na pikipiki kutoka Nkwenda, anatembea kati ya mibuni kama anayechagua mchumba, anataja bei ya kukutia aibu, nawe unaitikia kwa sababu una mgonjwa ndani. Msimu ukifika anavuna yeye, wewe umesimama unamtazama. Hiyo ndiyo butura. "Baba yangu alikufa hajawahi kuvuna mbuni wake mwenyewe," Gaspari alikuwa akituambia kila mkutano, hata mkutano wenyewe ukiwa wa kuchagua rangi ya mlango. Ndiyo maana aliking'ang'ania chama. Benki ilikuwa inatupa mkopo wa msimu, sisi tunawapa wanachama malipo ya awali, na mwenye malipo ya awali hauzi ua. Lakini benki haitoi mkopo mpaka ione hati safi ya mkaguzi. Kwa hiyo ukitaka kujua ni nini kilichozuia butura Kamuli, ilikuwa ni sahihi ya Cassian.

Mwaka huo mvua ya mawe ilikuja na upepo ukang'oa mabati ya ghala letu. Ilikuwa saa za mchana, tulisikia mlio tukadhani ni lori limepinduka. Tulipofika, anga ilikuwa inaonekana kutoka ndani na magunia ya kahawa ya maganda yamelowa. Kahawa iliyokauka ikilowa tena haikupi muda, inaanza kuvunda.

Gaspari hakuita kikao. Alituma watu wapige kelele vilimani, na kabla jua halijatua wanachama walikuwa wamefika, wanawake kwa wanaume, wengine na baiskeli, wengine na vichwa vyao tu. Akawaambia kila mmoja achukue anachoweza, aende kuanika nyumbani kwake, kwenye jamvi, kwenye turubai, popote palipo na jua. Mimi nilikuwa nimeshasimama mlangoni na kalamu, nimeandika tarehe juu ya ukurasa. Gaspari akaja akaweka kiganja chake kipana juu ya karatasi.

"Usiandike, mwanangu."

"Mzee, kahawa ya chama inatoka bila maandishi?"

"Ukiandika majina, hawataichukua. Itaozea hapa."

Sikumbishia, kwa kuwa nilijua anasema nini. Wengi wa wanachama wetu asili yao ni Rwanda au Burundi, wao au baba zao. Mwaka wa ile operesheni ya kuwaondoa wahamiaji walipita watu wenye orodha, na aliyekuwa kwenye orodha alipakiwa kwenye lori. Walipakiwa hata waliozaliwa hapa. Mume wa Dusabe, mwanachama wetu mmoja, alitoka asubuhi kwenda kupalilia, akaonekana jioni juu ya lori hilo, na mpaka leo Dusabe analea peke yake. Tangu hapo jina la mtu Kamuli ni kitu cha kufichwa. Hata msibani, mahali ambapo kila anayeleta rambirambi huandikwa daftarini ili wafiwa wajue wa kumshukuru, wao huleta ndizi zao na maharage yao na kukuambia, "Andika jirani." Daftari zetu za misiba zimejaa jirani. Jirani, mkungu. Jirani, sukari. Jirani, kuni.

"Nyumba ikiungua," Gaspari akaniambia, "anayekutolea kitanda nje humwombi sahihi."

Kahawa ikatoka. Sikuandika kitu.

Siku chache baadaye Cassian akaja kukagua, kama ratiba yake ilivyosema. Gaspari alimwomba asogeze mbele kidogo, kahawa ikauke irudi. Cassian akatazama ghala tupu lisilo na paa. Akasema tarehe si yake kuisogeza, lakini anaweza kutembelea nyumba kwa nyumba akajionee. Nikafurahi. Nilidhani anayeona ameona.

Tulitoka wawili, asubuhi yenye jua zuri. Sisi wawili tukiwa peke yetu huongea Kihaya, na labda Kihaya ndicho kilichomfungua moyo, maana njiani alinisimulia jambo nililokuwa nikilisikia kwa watu tu.

Miaka ya nyuma alikagua chama cha mahali pengine, sitapataja. Mwenyekiti wa kule alimwambia mzigo upo kwenye ghala la pili, ng'ambo ya bonde, na bonde limejaa maji. Alikuwa mzee wa kanisa, mtu anayeheshimika. Cassian akamwamini, akatoa hati safi. Ghala la pili halikuwapo. Wanachama wakamshtaki mwenyekiti na yeye pamoja.

"Hati ya wito niliipokea siku ya komunyo ya kwanza ya binti yangu," akasema. "Karani wa mahakama aliingia wageni wakiwa wanakula. Akanikabidhi mbele ya wakwe zangu. Dada Benitha, kesi ile iliingia kwangu ikakaa kama mpangaji. Ilikula gari, ikala nyumba. Mama watoto alirudi kwao kupumzika kidogo, mpaka leo anapumzika."

"Lakini ulishinda."

"Nilishinda," akasema. "Walisema sina hatia. Hakuna aliyesema nirudishiwe nyumba."

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Nilimhurumia sana asubuhi ile, na huruma ile sijairudisha, ipo bado, ndiyo inayonisumbua.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Dusabe. Kahawa ya chama ilikuwa imeanikwa uani kwenye turubai lake la harusi, lile alilofunikia wageni, na yeye anaigeuza kwa mikono, anatoa mawe na punje zilizovunda. Alimpigia Cassian goti, "Shikamoo baba," akaingia ndani akatoka na kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna. Kwetu mgeni akishatafuna kahawa ya nyumba amekuwa mtu wa nyumba hiyo, hawezi kutoka akaisema vibaya. Cassian alichukua punje mbili, akatafuna. Akainama, akazoa kahawa ya uani, akainusa, akatabasamu. Alikuwa anaijua kahawa. Akasema imerudi katika hali yake.

Kisha akafungua mkoba, akatoa karatasi.

"Sasa mama, hapa utaandika jina lako kamili, na kwamba unatunza kahawa ya chama. Kama huandiki, dole gumba linatosha."

Dusabe aliitazama karatasi, halafu akautazama mdomo wa Cassian uliokuwa bado unatafuna. Alichukua ncha za turubai, akazikusanya, akaanza kuivuta kahawa kuelekea ndani. Nilimwambia si orodha ya lori, ni ya chama, mimi Benitha nakuapia. Akasema kwa sauti ndogo, "Hata ile walisema ni ya kawaida." Akafunga mlango.

Habari za mtu mwenye karatasi zilitutangulia. Nyumba iliyofuata, kwa Nizigiyimana, tulikuta jamvi limekunjwa na punje chache zimebaki kwenye nyufa za ua. Kwa wengine hata punje haikuwapo. Kahawa iliyokuwa imeanikwa Kamuli nzima asubuhi, mchana ilikuwa chini ya vitanda na katikati ya migomba, imefunikwa kwa majani makavu. Tulipita mahali tukainusa, lakini hatukuiona.

Tulikaa kwenye gogo kando ya njia. Mdomo wangu ulikuwa umeanza kunichemka.

"Umeiona kwa Dusabe kwa macho yako," nikamwambia.

"Nimeiona."

"Na kwa Nizigiyimana umeona ua ulivyokuwa."

"Nimeona."

"Basi andika umeona."

Akatikisa kichwa. "Nikisimamishwa kizimbani nitaulizwa, ile kahawa ilikuwa ya nani? Nani alikiri ni ya chama? Nitasema nini? Nitasema niliinusa?"

"Kwani nani atakushtaki, Cassian?"

"Hata wale wa kwanza sikuwajua mpaka waliponishtaki."

Nikamwomba basi asubiri. Siku chache tu, kahawa irudi ghalani aihesabu. Akapanda juu kidogo mahali penye mtandao, akampigia wakili wake. Nilimwona anaitikia kwa kichwa kama mtoto anayetumwa dukani. Aliporudi akaniambia wakili amekataa. Kusubiri ni kuwapa viongozi nafasi ya kutafuta kahawa nyingine ya kujazia, ndivyo itakavyosemwa mahakamani. Nikamuuliza yeye mwenyewe anasemaje. Akafunga mkoba wake, akaanza kutembea.

Jioni ile Gaspari alikuja kwangu amevaa koti lake la Jumapili. Akasema twende Nkwenda, kwenye gesti alikofikia Cassian. Tulipanda bodaboda moja, yeye katikati. Tulimkuta Cassian anakunywa chai peke yake kwenye meza ya plastiki, na soko linafungwa nje. Alisimama akampisha mzee kiti.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nasikia unatafuta jina."

"Mzee, si kwamba siwaamini."

"Tafuta hapa hapa. Andika langu." Gaspari alivua kofia akaiweka mezani. "Andika kwamba Gaspari wa Protase, mzaliwa wa Nyabiyonza, ndiye aliyeitoa kahawa ghalani. Wale watu niliwakataza mimi wasiandikwe. Ikipungua hata punje, nishikwe mimi."

Huyu alikuwa ni mtu aliyejificha migombani majuma mazima mwaka ule wa lori. Kitambulisho chake alikuwa anakifunga kwenye nailoni na kukishonea ndani ya mto. Nikamfikiria mkewe Nyirabageni, nikajiuliza kama anajua mumewe amekuja kufanya nini.

Uso wa Cassian ulifunguka. Ulifunguka kabisa, kama wa mtu aliyetuliwa mzigo kichwani, nami kwa ujinga wangu nikadhani amefurahi kwa ajili yetu. Aliandika ukurasa mzima kwa mwandiko wake mzuri, akausoma kwa sauti, na Gaspari akatia sahihi polepole, herufi moja moja, alivyofundishwa na katekista. Kisha tukaagiza ndizi za kuchoma. Gaspari alikula akacheka, akasema mke wangu atanigombeza kwa koti hili kunuka moshi. Wakati wa kuagana Cassian alimshika mzee mkono kwa mikono yote miwili.

Taarifa ilikuja kabla kahawa haijakauka. Niliifungulia ofisini, Gaspari ameketi mbele yangu. Haikuwa hati safi. Nilimsomea maneno yenyewe:

"Mwenyekiti amekiri kwa maandishi kwamba mazao ya chama yaliondolewa ghalani kwa amri yake, bila kumbukumbu yoyote. Hatukuweza kuthibitisha mazao hayo yalipo. Kwa sababu hiyo tuna mashaka makubwa kama chama kitaweza kuendelea."

Akaniomba nirudie. Nikarudia.

"Hakuna uongo hapo," akasema.

"Hakuna, mzee."

"Na pale alipoiona kahawa kwa Dusabe, akaitia mkononi, pameandikwa wapi?"

Niligeuza kurasa, ingawa nilikwisha kuzisoma zote. "Hapajaandikwa, mzee."

Akavaa kofia yake. Akasema labda walikosa nafasi.

Hapo ndipo nilipoelewa ule uso uliofunguka Nkwenda. Siku yoyote na mahali popote ambapo mtu angemuuliza Cassian kahawa ilikwenda wapi, yeye angeonyesha sahihi ile iliyoandikwa herufi moja moja. Alikuwa amepata mtu wa kusimama mbele yake. Nililia kwa hasira, nikaupiga mlango teke, na mlango wenyewe ndio ule tuliokaa kikao kizima kuuchagulia rangi.

Benki haikukawia. Ilisoma "mashaka makubwa" ikafunga mkoba wake, na siwezi kuilaumu, hata mimi nisingemkopesha mtu ambaye daktari wake amesema hafiki kesho. Baada ya benki, polisi wakaja na gari kumchukua Gaspari akatoe maelezo kuhusu mazao ya chama. Alikwenda na koti lake la Jumapili. Huko akaulizwa mengine, maana jina likishakuwa mezani haliulizwi swali moja. Baba yako alizaliwa wapi? Ulivuka lini? Kitambulisho hiki ulikipataje? Akawekwa mahabusu uchunguzi uendelee.

Siku ileile habari zilipofika vilimani, kahawa ilirudi. Hakuna aliyetangaza. Nilikuwa nimekaa ghalani chini ya turubai tulilofunga badala ya paa, nikamwona Dusabe anakuja na gunia kichwani, nyuma yake Nizigiyimana anasukuma baiskeli, nyuma yao wengine, mstari mrefu kwenye njia ya kilimani, bila kuongea. Kahawa ilikuwa kavu, safi, imepembuliwa. Nilipoipima ilizidi ile iliyotoka. Zile punje zilizovunda walikuwa wamezitupa, wakajazia na kahawa yao wenyewe, na kila mmoja akajazia kupita alichotupa, kwa kuogopa aonekane amepunguza. Nilipima huku machozi yananitoka, nao walidhani nimefurahi.

Nikampigia Cassian. Nikamwambia imerudi yote, na zaidi, njoo uhesabu. Akasema, "Namshukuru Mungu," na sauti yake ilikuwa ya kweli.

"Basi badilisha taarifa, mzee atoke."

"Dada Benitha."

"Au andika barua tu. Mistari miwili. Imeonekana."

"Nimeshamuuliza wakili. Nikibadilisha nitakuwa nimekiri kwamba niliandika vibaya. Aliyeumizwa na maandishi yale ataichukua barua yangu aende nayo mahakamani."

"Na aliyeumizwa ni nani, Cassian?"

Alikuwa anamjua. Nilimwambia maneno ambayo siyaandiki hapa, mengine kwa Kihaya na mengine kwa Kinyambo cha huku, na yeye hakukata simu. Alisikiliza yote mpaka salio langu likaisha.

Wafanyabiashara wa butura wana pua. Majuma mawili hayakupita pikipiki za Nkwenda zikaanza kuonekana kwenye vichochoro vya Kamuli. Mibuni ilikuwa imechanua, yote nyeupe, na harufu yake asubuhi ilikuwa inakufuata mpaka kitandani. Watu hawakuwa na malipo ya awali, na watoto walikuwa wanaumwa kama miaka yote. Dusabe aliuza ua. Nizigiyimana aliuza ua.

Nilikwenda kumwona Gaspari mahabusu pamoja na Nyirabageni, tukiwa na chakula kwenye hotipoti. Alikuwa amevimba miguu, presha yake ilikuwa juu na dawa alikuwa anazipata siku moja, nyingine anazikosa. Aliuliza kuhusu kahawa kabla ya kuuliza kuhusu nyumbani.

"Imerudi?"

"Imerudi yote, mzee. Imezidi."

"Nilijua." Akatabasamu. "Na mkaguzi anajua?"

"Anajua."

"Basi vizuri. Ataandika. Yule kijana ni mtu mzuri, alinipisha kiti." Kisha akainama karibu na mimi. "Na ua? Nani ameuza ua?"

Nilimtazama Nyirabageni, naye alikuwa anatazama hotipoti. Nikasema hakuna, mzee, hakuna aliyeuza. Tulipotoka nje Nyirabageni alikaa chini kwenye majani akajifunika uso kwa kitenge. Nauli ya kuja kumwona mumewe kila mara, na dawa, na chakula, alivitoa wapi? Alikuwa ameuza ua la kibanja chao chote. Alikuwa ameuza hata ule mstari wa mibuni ya kwanza ambayo Gaspari aliipanda alipofika Kamuli.

Gaspari alizidiwa akapelekwa hospitali, na hospitalini akafariki. Uchunguzi ulikuwa unaendelea.

Tulimzika kwenye kibanja chake, kati ya mibuni iliyokuwa imechanua. Mimi niliwekwa kwenye meza karibu na mlango kuandika rambirambi, kwa sababu ni katibu na kwa sababu nisingeweza kusimama kaburini. Nilifungua daftari jipya, na kwa mazoea nikaanza kuandika jirani kabla hata Dusabe, aliyekuwa wa kwanza, hajatua ndizi zake.

"Futa," akasema.

"Nini?"

"Andika Dusabe. Andika nilitunza kahawa ya chama uani kwangu, nikaikausha, nikairudisha." Alisema kwa sauti ya kusikika. "Andika na jina la mume wangu."

Nikaandika. Aliyemfuata akataja jina lake na la baba yake, na kwamba alitunza kahawa. Na wa tatu hivyohivyo. Mstari ukawa mrefu mpaka nje ya ua, watu ambao miaka yote niliwajua kwa sura na kwa kilima, wanataja majina yao juu ya meza ya msiba, wakati hakuna tena mtu wa kumwokoa kwa majina hayo. Nilikuwa na uchungu mwingi, na nilitaka kuwapigia kelele kwamba mmechelewa, lakini Nyirabageni alikuwa amekaa karibu, na kila jina lilipotajwa alikuwa anaitikia "Asante" kama ilivyo desturi.

Nilipoinua kichwa, aliyekuwa mbele yangu alikuwa Cassian.

Alikuwa amevaa suti nyeusi, viatu vimejaa vumbi jekundu. Alikuwa amekonda. Alinisalimu kwa Kihaya, nami nikamwitikia kwa Kiswahili. Akaweka bahasha mezani, ilikuwa nene, kisha akaifunika kwa kiganja chake kana kwamba upepo ungeichukua.

"Wakili amenikataza kuja," akasema chinichini. "Anasema zawadi kwa wafiwa inaweza kusomwa kama kukiri. Nimeshindwa kukaa, nimekuja." Macho yake yalikuwa yamejaa. "Lakini nakuomba, dada Benitha. Usiniandike jina."

Nilikuwa nimejiandaa kwa siku ambayo ningekutana naye. Nilikuwa na maneno nimeyapanga, makali, ya kumkata. Yakaniishia yote mdomoni. Nikainama nikaandika kwenye mstari wake kama tulivyokuwa tukiwaandikia siku zote wale waliokuwa wanaogopa lori.

Aliinamia daftari akasoma.

"Jirani ni nani?" akauliza.

"Ni wewe."

Nyirabageni hakuwa amemtambua, aliona tu mgeni aliyeleta bahasha. Akaitikia, "Asante, jirani." Cassian akabaki amesimama mbele ya meza asijue aende wapi, na nyuma yake Nizigiyimana alikuwa anasubiri zamu yake ataje jina.